Jumanne Mia na Nane

8 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umekaa, maana ulisema ofisini kwenu mtu akisimama tu, kiti kinahama. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu na anauliza mgongo wako unaendeleaje. Kaka amerefuka mpaka suruali zake zimegeuka kaptura, na bado anakula kama amekodiwa. Baba bado yuko kiwandani, kitengo cha rangi. Akirudi jioni tunakisia rangi ya siku kwa kutazama kucha zake. Mama ndiye anayeshinda kila mara.

Najua unashangaa Kimya ameandika barua. Kwenye karatasi huwa siogopi sana.

Mwalimu wa sayansi ametupa kazi: kila mmoja achague kitu kimoja akipime kila siku kwa mwezi mzima. Wengine wamechagua urefu wa maharage. Mimi nimechagua rangi ya mto. Napita darajani asubuhi na alasiri, kwa hiyo haunigharimu chochote ila kusimama. Nilikwenda duka la rangi za nyumba nikaomba ile kadi yenye vipande vya rangi, nikaandika namba moja hadi kumi, kutoka nyeupe hadi nyeusi. Nachota maji kwenye chupa ya kioo, naishika karibu na kadi, naandika namba. Nimepima wiki moja. Kila siku ni mbili. Ijumaa alasiri tu niliandika nane, lakini nadhani kulikuwa na kivuli.

Wewe unapima mto huu huu kwa niaba ya wizara. Naweza kupata vipimo vyenu, hata kidogo, nilinganishe? Kama ni siri, samahani, chukulia sikuuliza.

Mwanao,
Kimya


19 Februari

Kimya wangu,

Marahaba. Mgongo umepona, mwambie mama yako. Kilichobaki ni kiti, ambacho kweli kimehama. Niko kwenye kigoda cha maabara naandika barua hii juu ya magoti.

Vipimo si siri hata kidogo. Tatizo letu ni kinyume chake: tunavitangaza na hakuna anayevitaka. Miaka tisa nimekuwa wizarani, na wewe ni mtu wa kwanza kuniomba jedwali lote. Nimelitazama ombi lako nikacheka peke yangu mpaka mwenzangu akauliza kama nimepandishwa cheo. Jedwali limo kwenye bahasha hii: vipimo mia na nane, kimoja kila mwezi, pale pale darajani.

Vimekuja kuwa na maana mwaka huu. Kiwanda cha baba yako kimeomba kibali cha kumwaga maji yake mtoni moja kwa moja, bila kujenga mabwawa ya kuyatuliza kwanza. Kamati ya wizara itakaa Juni kuamua. Ripoti imeshaandikwa, kurasa themanini na nne, na inasema mto uko salama. Kwa hiyo jedwali unalolishika ndilo litakaloamua. Lishike kwa mikono safi.

Kivuli cha Ijumaa hutokea. Siku nyingine simama upande wa jua.

Shangazi yako


8 Machi

Shangazi,

Shikamoo, shikamoo tena, na samahani kwa mwandiko, naandika haraka.

Mama hajambo, Kaka hajambo, Baba hajambo. Basi.

Si kivuli! Nilisimama upande wa jua kama ulivyosema. Ijumaa ya tarehe 13, saba. Tarehe 20, nane. Tarehe 27, nane. Juzi, saba. Asubuhi yake huwa mbili. Jumamosi mchana nikienda, ni mbili tena. Ni Ijumaa alasiri tu, Shangazi. Nilimuuliza dobi anayefua nguo chini ya daraja (nilikaa dakika kumi nikipanga maneno kabla ya kumsogelea). Akacheka.

"Ijumaa mimi nalala, binti. Mto una kazi zake."

"Kila Ijumaa?"

"Tangu nimeanza kufua hapa. Ukifua shuka jeupe Ijumaa, unamrudishia mwenyewe pazia."

"Uliwahi kumwambia mtu?"

"Nani aliniuliza?"

Nikaenda kutafuta hizo namba saba na nane kwenye jedwali lako. Hazimo. Maji ni safi mwezi baada ya mwezi, miaka tisa. Nikafikiri dobi anatania. Halafu nikaona kwamba jedwali lina tarehe lakini halina siku. Mwishoni mwa kitabu cha hesabu kuna njia ya kujua tarehe yoyote ilikuwa siku gani. Nikaanza na tarehe ya kwanza: Jumanne. Ya pili: Jumanne. Ya tano, ya kumi, Jumanne. Kaka akachungulia akauliza, "Unasali au unahesabu?" Nilipofika ya arobaini nilikuwa nimesimama. Nimezifanya zote mia na nane, na leo nimerudia mara ya pili kuhakikisha.

Zote ni Jumanne, Shangazi. Hakuna hata moja iliyoponyoka.

Je, kuna sababu ya kisayansi ya Jumanne? Nimetafuta maktaba ya shule sikuiona, lakini maktaba yetu ni kabati mbili. Labda wewe unaijua.

Kimya


5 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sijapata jibu, nadhani ni posta. Mama ameshona mapazia mapya. Kaka ameingia timu ya shule, anakaa benchi lakini anakaa kwa bidii.

Nina jambo la kuomba radhi. Jumatano walibandika tangazo la kibali kwenye ubao wa ofisi za mji, pamoja na ukurasa wa kwanza wa ripoti ya wizara. Nikausoma wote. Chini kuna sahihi. Sikusoma jina, sikuhitaji. Ina ile herufi ya mwisho yenye mkia unaozunguka chini ya jina lote, kama kwenye kadi zako za siku ya kuzaliwa.

Ulipoandika "ripoti imeshaandikwa" sikujua ni wewe. Ningejua nisingeuliza vile, au ningeuliza kwa upole zaidi. Samahani.

Lakini Shangazi, bado ni kweli. Nimepima siku sitini na tatu sasa. Kuna Ijumaa tisa, na zote tisa ni saba au nane. Nimekunakilia daftari lote, liko ndani. Na juzi mezani Mama alimuuliza Baba mbona Ijumaa huchelewa, akasema, "Si ndiyo siku ya kuosha matangi ya rangi?" kama mtu anayetaja siku ya kufagia. Nikaangalia sahani yangu.

Bomba la maji ya mji linachota chini ya daraja. Nafikiria hilo kila ninapokunywa.

Kama umekasirika niambie tu. Nitaelewa.

Kimya


17 Aprili

Kimya, mwanangu,

Marahaba. Posta haina kosa. Nilikuandikia barua tatu na zote nikazichana. Ya kwanza ilikufundisha takwimu. Ya pili ilikuambia uwe mwangalifu. Ya tatu ilikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa juu yako.

Hii ni ya nne. Nisikilize.

Hakuna sababu ya kisayansi. Nilipoajiriwa, nilitumwa kuanza vipimo vya mto. Nikamwendea afisa wa usafiri, nikamuuliza gari linapatikana lini. Akasema, "Jumanne, dada." Nikaandika Jumanne. Nilikuwa na miezi minne kazini na niliona fahari kubwa kupewa gari. Kila mwezi tangu siku hiyo dereva ananipigia honi Jumanne, natoka na chupa zangu. Fomu yetu ina nafasi ya tarehe, joto, na jina la mpimaji. Haina nafasi ya siku wala saa. Nimeijaza mara mia na nane kwa mkono wangu, na sikuwahi kujiuliza. Umeniuliza wewe, na kitabu chako cha hesabu.

Niliposoma barua yako ya Machi nilienda kusimama dirishani. Baadaye nikarudi nikapiga hesabu zako upya, nikitumaini umekosea. Hukukosea.

Jumatatu nilichukua nakala ya daftari lako kwa katibu wa kamati. Nakuandikia mazungumzo kama yalivyokuwa, ili siku moja ukifanya kazi hizi usishangae.

"Hiki nini, mama?"

"Vipimo vya siku sitini na tatu."

"Nani kapima?"

"Binti wa kaka yangu."

"Cheo chake?"

"Kidato cha tatu."

Akalifungua, akalifunga. "Lina muhuri?"

"Lina jalada la gazeti."

"Mama, mimi nakuheshimu. Lakini kwenye orodha ya nyaraka kuna ripoti, kuna kiambatisho, kuna barua. Daftari halimo. Nikilipokea nitaliweka wapi?" Na kwa kweli alikuwa anaulizia kabati. Si mtu mbaya. Aliniambia pia kamati huwa inasoma ukurasa wa kwanza tu, na ukurasa wa kwanza wa ripoti yangu unasema maji ni safi.

Nikamwendea afisa wa usafiri kuomba gari Ijumaa. Huyu ni mwingine, yule wa zamani alistaafu. Akafungua ratiba akasema, "Jumanne, mama." Nusura nimkumbatie kwa hasira.

Aliyeniokoa ni mkuu wa maabara, mzee asiyependa kelele. Akauliza, "Imeandikwa wapi kwamba sampuli lazima ipande gari la serikali?" Tukatafuta kwenye kanuni siku mbili. Haijaandikwa popote! Kwa hiyo nitakuja kwa basi, Ijumaa tarehe 8 Mei, na kisanduku cha barafu, chupa zenye lakiri, na fomu. Nyaraka zinafungwa tarehe 15. Lazima maji yafike maabara ndani ya siku moja, kwa hiyo nitageuza na basi la jioni, sitalala kwenu. Nisubiri darajani saa nane na nusu na kadi yako ya rangi.

Nimeshaandika barua ya kuiondoa ripoti yangu. Iko mezani, haina sahihi bado. Naiogopa kidogo.

Baba yako anajua?

Shangazi


26 Aprili

Shangazi,

Shikamoo! Unakuja! Nimesoma barua yako mara nne, mara ya mwisho nikiwa nimejifungia bafuni, na Kaka akagonga akidhani ninaumwa.

Habari za huku ni njema, isipokuwa kwamba Kaka juzi alifungua friji, akaona chupa yangu ya maji ya Ijumaa, akadhani ni sharubati ya zambarau. Ilifika mdomoni. Nilipiga kelele, mimi, na watu wote wakaduwaa. Mama alisema hajanisikia nikipaza sauti tangu nizaliwe. Sasa Kaka ananiheshimu.

Kuhusu ukurasa wa kwanza nimefikiria sana. Mwalimu wa lugha hutuambia kwamba anayesoma akiwa amechoka, mpe sentensi ambazo hawezi kuziruka. Ningekuwa mimi ningeandika mbili tu, kwa herufi kubwa, katikati ya karatasi:

Kwa miaka tisa tulipima mto Jumanne peke yake.
Mto huchafuka Ijumaa.

Usiandike nani alisema habari za matangi. Tafadhali.

Kuhusu lile swali lako la mwisho, nitakuandikia nitakapokuwa na la kuandika. Kila jioni anaingia, ananawa, anauliza nimesoma nini leo, namtajia historia. Shangazi, ni nani anayefungua maji yale kiwandani? Mtu akisema kitu, hufukuzwa? Si lazima unijibu. Nadhani sitaki ujibu.

Nitakuwa darajani saa nane.

Kimya


10 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini chupa zilifika zikiwa baridi na wewe ulipata kiti. Basi lilipoondoka bado nilikuwa nimeshika kile kifuniko cha akiba. Kiko kwenye mkoba wangu, nimekisahau kukurudishia, au nimekificha, sijui.

Kuna kitu hukukiona. Wewe ulikuwa umeinama kwenye mawe chini ya daraja, umevaa lile koti lenye nembo ya wizara, unafunga chupa ya kwanza ya maji safi ya kulinganishia. Mimi nilikuwa juu na kadi, natazama bomba la kiwanda. Kando ya bomba kuna ukuta mfupi, na nyuma ya ukuta kuna koki kubwa ya gurudumu. Saa tisa kamili akatokea mtu. Alikuwa Baba.

Aliniona. Akakuona na wewe, mgongo wako. Alisimama, mikono juu ya gurudumu, hakulizungusha. Nikadhani basi, ataondoka, na sikumlaumu. Halafu akaninyooshea kidole, akakunyooshea wewe, akainua kidole gumba juu kama anayeuliza. Tayari?

Ulikuwa unahangaika na lakiri ya chupa ya pili. Nikatikisa kichwa, bado. Akasubiri. Ukaifungua. Nikainua kadi juu ya kichwa changu kwa mikono miwili. Ndipo akafungua.

Nawe ukapaza sauti, "Kimya, inakuja, inakuja!" ukiruka mawe kama msichana. Kwa hiyo unajua yaliyofuata: zambarau, nane kamili, kila chupa.

Hujui ya nyumbani. Baba alirudi, akanawa, akakaa. Akamweleza Mama kama hadithi. Kumbe dakika chache kabla ya saa tisa msimamizi alimfuata: "Kuna mtu wa wizara darajani. Leo usifungue."

"Mpaka lini?"

"Mpaka aondoke."

Baba akamwonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani. "Ratiba inasema Ijumaa saa tisa. Na sahihi hapo chini ni yako, bosi."

Mama akaweka mwiko chini. "Na wewe umeanza lini kufuata ratiba?"

"Leo," akasema Baba.

Kisha akaniangalia. Nikaanza kuomba radhi, maneno yakagongana. Akanikatiza. "Daftari lako huwa unaliacha juu ya friji. Nalisoma tangu Machi." "Tarehe 13 Februari uliandika saba. Ilikuwa nane. Siku hiyo nilimwaga nyekundu nzito."

Nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu, nikaandika pembeni: kwa maelezo ya mtaalamu. Daftari lenyewe naliweka pamoja na barua hii, na nazituma kwa basi zifike kabla ya tarehe 15.

Sasa nimekujibu swali lako. Alijua.

Kimya


17 Juni

Kimya wangu, na kaka yangu pia, maana najua atasoma hii juu ya friji,

Salamu kwa wote. Naandika nikiwa nimekaa kwenye kiti halisi, nimekinyang'anya.

Kamati ilikaa jana. Jumanne! Nilipoona tarehe nilicheka hadi nikaulizwa kulikoni.

Barua ya kuondoa ripoti nilitia sahihi tarehe 11 Mei, asubuhi niliyopata majibu ya maabara. Mkia niliuzungusha polepole. Ukurasa wako wa kwanza niliuweka kama ulivyouandika, sentensi mbili, nyuma yake majibu ya chupa, na nyuma kabisa daftari lako. Katibu alilipokea safari hii. Aliliita "kiambatisho", akalipiga muhuri juu ya gazeti: LIMEPOKELEWA. Muhuri umeangukia kwenye picha ya mchezaji wa mpira, paji la uso.

Mwenyekiti alisoma zile sentensi kwa sauti. Akazisoma tena kimya. Wakili wa kiwanda akasema huwezi kuamua kwa Ijumaa moja. Mwenyekiti akafungua daftari, akahesabu kwa kidole. "Ziko kumi na nne hapa." Wakili akasema hilo ni daftari la mtoto wa shule. Mwenyekiti akanigeukia mimi. "Na hizi mia na nane ni za nani?"

"Zangu," nikasema.

"Kwa nini Jumanne?"

Nilikuwa nimeandaa jibu refu. Nikamwambia kweli: "Ndiyo siku tuliyopewa gari." Halafu mzee mmoja wa kilimo, mwisho wa meza, akasema polepole, "Sisi vipimo vya udongo tunachukua Alhamisi." Mwingine akasema, "Hewa ni Jumatatu." Walianza kuangaliana, Kimya! Ungewaona! Kikao kilichopangwa kuwa cha saa moja kilichukua saa nne.

Kibali wamekikataa. Mabwawa yajengwe kwanza, ndani ya miezi minane, na maji yapimwe kila siku mpaka hapo. Fomu imeongezwa nafasi mbili, siku na saa. Mimi nimepewa barua ya onyo kwa kazi ya miaka tisa, na nimeibandika juu ya meza yangu mwenyewe. Ni ya haki. Naisoma kila nikichukua chupa.

Sasa niambie habari za kaka yangu. Usinifiche.

Shangazi yako mwenye kiti


28 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo! Barua yako imesomwa mezani kwa sauti, na msomaji nilikuwa mimi. Nilisoma yote, hadi paji la uso la mchezaji. Kaka alipiga makofi kwa vijiko.

Hukuniambia uongo, basi nami sikufichi. Baba wamemwondoa kwenye rangi. Sasa yuko getini, anaandika namba za magari yanayoingia na kutoka. Wiki ya kwanza alikaa akitazama mikono yake. Mama alisema anaomboleza kucha zake, maana kwa mara ya kwanza tangu waoane ni nyeupe na hatuna cha kukisia. Msimamizi humpita bila salamu. Kama watamwacha au watamwondoa kabisa, hatujui, na Baba anasema hataki tukae tunasubiri kama watu wa kituo cha basi.

Lakini zamu ya getini inaanza baadaye, kwa hiyo asubuhi tunatembea pamoja. Tunasimama darajani. Mimi nachota, yeye anashika kadi.

"Tatu," anasema.

"Mbili, Baba. Sogea kwenye jua."

"Mimi nimetia rangi miaka kumi na sita, wewe ndiye wa kunifundisha?"

Anasogea. Anaangalia tena. "Mbili," anasema, kama aliyeshindwa mchezo wa bao.

Ijumaa mbili zilizopita, alasiri, ilikuwa mbili pia. Dobi hakuamini. Alikuja mwenyewe kutazama chupa, akaikodolea jicho moja, akaenda kuleta shuka jeupe.

Nimeanza daftari jipya. Lina tarehe, siku, saa na namba. Nimeongeza na safu ya mwisho ambayo fomu yenu haina: aliyeshuhudia. Leo ni Jumapili, tumekwenda bila haraka, na nimempa Baba kalamu. Ametia sahihi akiwa ameegemeza daftari kwenye ukingo wa daraja. Sikuwahi kuiona sahihi yake kwa karibu.

Herufi ya mwisho ina mkia, Shangazi. Unazunguka chini ya jina lote.

Mwanenu,
Kimya